Uzi: Mwasumini wa marehemu mama mkwe umepanda juu ya bati, maua hakuna. Niukate wapi?

UaniTanga · 9 Februari

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wenye mkono wa miti.

Nina mwasumini uani kwangu, Tanga mjini. Aliupanda marehemu mama mkwe mwaka 1998, zile mvua za El Nino, kwa hiyo ni mti mzima. Zamani ikifika alasiri majirani walikuwa wanakuja na vibakuli vyao. Sasa shina limekuwa nene kama kifundo cha mkono, limepanda ukuta wa jiko, limelala juu ya bati. Chini ni vijiti vitupu. Majani yote yako juu, na maua mpaka nipande ngazi. Juzi nilipanda, nikashuka na saba.

Sijawahi kuukata hata tawi. Mama alikuwa anaukata kila mwaka kabla ya masika, tena anaukata kweli kweli, nami nilikuwa namwona kama anauonea. Alipofariki nikasema mti wa marehemu siutii panga. Huu mwaka wa sita.

Desemba tuna harusi ya binti wa shemeji yangu, na bibi harusi anataka kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa kifuani, cha asumini za bibi yake, si za kununua. Niufanyeje?

Mchokozi_Dar · 9 Februari

Mkuu kata uweke mpera, utakula.

Fuoni_Njiapanda · 9 Februari

Huyo wa mpera apuuzwe.

Bibie, jibu umeshalisema mwenyewe. Marehemu alikuwa haonei mti, alikuwa anatafuta maua. Asumini haichanui kwenye tawi kongwe. Inachanua kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi likishatoa maua yake likaachwa, ile ncha inakaa tu, mti unakwenda kutafuta pengine pa kuchipua, na pengine penyewe ni juu kwenye jua. Ndio maana umekukimbilia batini. Miaka sita hujaugusa, nao miaka sita unapanda.

Mzee_wa_Kitalu · 10 Februari

Nakubaliana na bibi wa Fuoni. Mimi niko Kisauni, Mombasa, miche ya maua ndiyo kazi yangu tangu ujana. Huku twasema asmini, musije mkanisahihisha.

Lakini kabla ya mkasi, dadangu, hakikisha ni asmini yenyewe. Watu huniletea picha za kila kitu cheupe chenye harufu. Vunja jani moja na kikonyo chake. Kikitoa maziwa, hiyo si asmini, ni ule mtambazi wa Kichina unaouzwa kwa jina la asmini, na huo una mambo yake. Pia kuna ule mti uchanuao usiku wenye maua membamba ya kijanikijani, harufu yaumiza kichwa. Huo nao si asmini, na vitunda vyake ni sumu, watoto wasivichezee.

Ukiwa na majani mapana yanayong'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na ua jeupe nene linalofunguka magharibi na kugeuka waridi hafifu likizeeka, basi ndiyo yenyewe. Yako ni ya petali chache au ile iliyojaa kama waridi dogo?

UaniTanga · 10 Februari

Haina maziwa, nimevunja sasa hivi. Petali chache, safu moja au mbili. Ndiyo asumini ya kikuba.

BaridiLimuru · 10 Februari

Nisikie vizuri: mnasema ikatwe kabla ya mvua? Mimi nilikata yangu mwezi wa saba na sikuona ua hata moja mwaka huo. Nilifuata ushauri kama huu huu.

Mzee_wa_Kitalu · 10 Februari

Limuru? Ile yako ina majani yaliyochanika vipande vitano, saba? Na matumba ya rangi ya waridi kwa nje?

BaridiLimuru · 10 Februari

Ndiyo. Imefunika fensi yote ya mbele.

Mzee_wa_Kitalu · 10 Februari

Basi ndugu yangu hiyo ni nyingine kabisa. Ile ya milimani huweka matumba wakati wa baridi, kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Wewe ulikuja na mkasi mwezi wa saba, ukayakata matumba yakiwa bado hayajaonekana. Yako hukatwa mara tu maua yanapokwisha, ndipo ipate miezi ya kukuza matawi ya mwaka ujao. Hii ya pwani hubeba kwenye chipukizi la sasa hivi. Majina yanafanana, mkasi haufanani.

BaridiLimuru · 10 Februari

Miaka miwili nimelaumu mbolea. Asante mzee.

Shamba_Darasa · 11 Februari

Mimi ni afisa ugani, Morogoro. Wenzangu wamesema vizuri, naongeza la kiasi.

Kule Madurai, India kusini, asumini hii hii ni zao la shamba. Wanaikata kila mwaka mwishoni mwa Novemba, kichaka kizima, wanabakiza kama sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini. Mtu akiona shamba siku ile anadhani limechomwa moto. Ila ile miti imezoea kukatwa tangu michanga, ina macho ya kuchipua mpaka chini. Wako umekaa miaka sita bila kuguswa. Ukiukata wote kwa siku moja unaweza kuchipua vizuri sana, na unaweza kukuangusha. Kwa mti wenye kumbukumbu ya marehemu mimi nisingecheza kamari.

Hesabu mashina yanayotoka chini. Yakiwa sita, mwaka huu ondoa mawili makongwe kabisa, yakate karibu na ardhi. Yaliyobaki yapunguze urefu tu, theluthi moja. Baada ya miezi sita ondoa mengine mawili. Ukimaliza mzunguko una mti mpya juu ya mizizi ya zamani.

Wakati: wiki mbili tatu kabla ya masika. Jeraha likauke, kisha mvua ikute macho yako tayari.

Fuoni_Njiapanda · 11 Februari

Mie napinga hilo la theluthi. Wangu niliukata wote mpaka magotini na ukarudi. Haya ya awamu awamu yanachosha.

Shamba_Darasa · 11 Februari

Wako ulikuwa na umri gani, dada?

Fuoni_Njiapanda · 11 Februari

Miaka minne.

Shamba_Darasa · 11 Februari

Basi.

Fuoni_Njiapanda · 11 Februari

Haya, umeshinda. Lakini bibie kabla hujakata chochote weka akiba. Chukua matawi ambayo hayajakauka wala si laini sana, yakate urefu wa kiganja, yawe na vifundo vitatu au vinne. Toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa. Mwezi mmoja na siku zake yanashika mizizi. Mti wa kale ukikufia, mtoto wake unao.

UaniTanga · 27 Februari

Nimekata leo.

Mashina yalikuwa matano. Mawili nimeyaondoa chini kabisa kwa msumeno, moja ndilo lile lililolala batini, tumelivuta watu watatu na bati limepiga kelele mpaka jirani akachungulia. Matatu yaliyobaki nimeyapunguza. Nimechomeka vipandikizi kumi na viwili.

Ndani ya lile kongwe, msumeno ulipoingia, mbao ilikuwa ya kahawia, kavu, inatoa unga. Nikashtuka nikadhani mti wote umeoza. Nikafanya alivyokuwa akifanya mama: nikakwaruza gome la shina la pili kwa ukucha. Chini yake kijani kibichi, unyevu. Nikapumua.

Uani kumekuwa kweupe. Mume wangu amerudi kazini, amesimama mlangoni, hajasema kitu, ameingia ndani.

Mchokozi_Dar · 27 Februari

Shemeji anaomboleza 😂 mpe muda.

Theluji_Toronto · 28 Februari

Nasoma uzi huu kwa wivu. Wangu uko kwenye chungu dirishani, nje theluji. Nilioondoka nao Mombasa ulikufa, huu nimeununua hapa. Je, nami nikate sasa?

Mzee_wa_Kitalu · 28 Februari

Wewe ngoja machipukizi ya kwanza yaanze kuonekana siku zikirefuka, ndipo upunguze. Na usiutoe nje mpaka usiku wenu upite nyuzi kumi za joto. Baridi yenu haina dini.

Mlango_Maskati · 28 Februari

Huku Maskati wenyeji wanaliita ful, na kila nyumba ya zamani inalo. Tunakata Februari hii hii, kabla joto halijaja. Ukikata Juni jua linachoma matawi yaliyokuwa yamejificha ndani, yanakuwa kama kuni.

UaniTanga · 14 Aprili

Wakuu narudi na tatizo. Mvua imekuja, mti umechipua sana, mpaka kwenye visiki vya yale mawili niliyoondoa. Lakini majani mapya ni ya njano! Kama ndimu mbivu. Mishipa tu ndiyo ya kijani. Majani ya zamani yako sawa. Jirani ameniambia niweke majivu mengi zaidi.

Shamba_Darasa · 14 Aprili

Simama hapo hapo. "Zaidi"? Kwa hiyo unaweka majivu siku zote?

UaniTanga · 14 Aprili

Ya jikoni, ndiyo. Kila asubuhi napeleka pale shinani. Si mbolea? Tena nimekumbuka, mwaka juzi fundi alichanganyia saruji pale pale wakati wa kupiga lipu.

Shamba_Darasa · 14 Aprili

Basi tumempata mchawi.

Jani la zamani likiwa njano, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni, samadi inatosha. Kingo za jani zikiungua na kuwa kahawia, tazama maji, pwani visima vingi vina chumvi. Jani *jipya* likiwa njano na mishipa ya kijani, mti umekosa madini ya chuma. Na mara nyingi si kwamba udongo hauna chuma. Chuma kipo, kimefungwa. Udongo wenu wa pwani una mawe ya matumbawe, tayari una chokaa. Wewe umeongeza majivu kila siku kwa miaka, na fundi kakuongezea saruji. Mizizi imekalia chuma haiwezi kukila.

Mchokozi_Dar · 14 Aprili

Bibi yangu alikuwa anazika misumari yenye kutu. Hii siyo utani.

Shamba_Darasa · 14 Aprili

Nimeisikia sana hiyo. Kutu kwenye udongo wa chokaa haiyeyuki, mti hauinywi. Maganda ya mayai nayo usiweke hapo, ni chokaa ile ile.

Fanya hivi. Acha majivu leo, yapeleke kwengine. Kwangua udongo wa juu pale alipochanganyia fundi, vidonge vya saruji vitoe vyote, uangalie usikate mizizi. Jaza mboji iliyooza vizuri, tandaza majani makavu juu, yasiguse shina. Halafu nenda duka la pembejeo uombe busta, yaani mbolea ya kunyunyiza majani, yenye madini ya chuma, au salfeti ya chuma, gramu tano kwa lita moja ya maji. Nyunyiza majani jioni, jua likishapoa. Rudia baada ya mwezi mpaka kijani kirudi. Usimimine karibu na ukuta mweupe, inaacha madoa ya kutu.

UaniTanga · 15 Aprili

Ukuta ni mweupe. Nitaweka gunia.

Nimefukua. Nimetoa ndoo nzima ya vipande vya saruji, kimoja kilikuwa na umbo la karai. Mizizi ilikuwa imekizunguka kama vidole.

Fuoni_Njiapanda · 15 Aprili

Maskini mti.

Na usije ukauonea huruma ukaumwagia mbolea ya kuku. Ukiushindilia naitrojeni utapata majani makubwa ya kupendeza kama mchicha, na ua hutoliona. Samadi ya ng'ombe ya zamani, kiasi, basi.

UaniTanga · 20 Mei

Kijani kimerudi. Si yote, lakini yale ya juju, samahani, ya juu juu, yanang'aa. Vipandikizi saba vimeshika kati ya kumi na viwili.

Swali dogo: machipukizi mengine yanakimbia marefu, hayana hata dalili ya tumba. Niyaache?

Mzee_wa_Kitalu · 20 Mei

Yabane ncha. Kwa kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya jozi ya majani. Pale ulipobana yatatoka mawili badala ya moja, na kila moja lina ncha yake, na ncha ndiyo pa kuwekea ua. Hiyo ndiyo siri yote ya kitalu changu, hapa nimeitoa bure.

Jua linafika? Muda wa saa nne hadi sita kwa siku yataka, si kivuli cha ukuta.

UaniTanga · 20 Mei

Tangu lile shina la batini liondoke jua linafika mpaka chini.

UaniTanga · 3 Julai

Nimekuja kusema tu.

Ijumaa alasiri nilikwenda kumwaga maji, nikaona kwenye ncha ya chipukizi moja matumba matatu, la katikati limenenepa kuliko ndugu zake wawili, jeupe, limefunga kama punje ya mchele mkubwa. Nikaenda la pili, hivyo hivyo. Nikaacha ndoo nikaanza kuhesabu. Arobaini na tatu. Yote chini ya kimo cha bega langu. Ngazi sikuihitaji.

Sikuchuma. Nilikaa kibarazani mpaka magharibi, yakaanza kufunguka lile la katikati kwanza. Mume wangu alitoka na kiti chake akakaa. Akasema, "Harufu ya mama hiyo."

Basi.

Fuoni_Njiapanda · 3 Julai

Umeniliza mchana huu.

Kesho uyachume lakini! Ukiliacha ua likafia mtini mti unapoteza muda. Chuma tumba alasiri kabla halijafunguka, weka kwenye kitambaa chepesi chenye unyevu au jani la mgomba. Na likishamaliza lile tawi, kata ncha yake chini ya kichala cha maua, jozi moja ya majani. Baada ya wiki sita, nane hivi, unavuna tena hapo hapo.

Mlango_Maskati · 4 Julai

Kuna mtu amepata vidukari kwenye vichipukizi? Wangu wamejaa, weusi.

Shamba_Darasa · 4 Julai

Maji ya sabuni laini, nyunyiza chini ya majani, kisha suuza. Kama maua ni ya kuvaa kifuani au nywelini usiweke sumu ya dukani, mtu anayanusa usiku kucha. Na ukiona tumba lina kitundu kidogo na limekuwa la zambarau, ndani yupo kiwavi. Chuma yote ya namna hiyo, zika au choma, usiyaangushe chini ya mti.

UaniTanga · 16 Septemba

Wakuu, la mwisho kabla sijawachosha. Mti unachanua kwa mawimbi, mara mengi mara machache. Kikuba cha kwanza nimeshakishona, asumini na mrehani, mkadi nimepewa na jirani, yule yule wa majivu. Nimempa kipandikizi kimoja na nimemwambia habari ya majivu, hajaniamini.

Yamebaki mashina matatu ya kale. Mpango ulisema yakatwe mengine baada ya miezi sita. Harusi ni wiki ya tatu ya Desemba. Nikate sasa, au nisubiri harusi ipite nisije nikakosa yote?

Mchokozi_Dar · 16 Septemba

Kadi yangu ya mwaliko iko wapi kwanza.

Shamba_Darasa · 16 Septemba

Ondoa moja tu, lililo kongwe zaidi, wiki hii, kabla ya vuli. Mengine mawili yaache mpaka Februari.

Mzee_wa_Kitalu · 17 Septemba

Sawa na hapo. Kisha mwisho wa Oktoba pitia mti mzima, kata kila ncha iliyomaliza kuchanua, ubane na zilizo refu. Hesabu wiki saba toka hapo, zaangukia harusi yenyewe, mvua ikitaka. Nusu ya mti ikate mwanzo wa Novemba badala ya mwisho wa Oktoba, usije ukachanua wote Jumatatu na harusi ni Jumamosi. Na mkasi uupanguse kwa spiriti kabla, ulikata nao nini mara ya mwisho?

UaniTanga · 17 Septemba

Kamba ya nguo.